Kipa Haagwi Uwanjani

Daudi mwanangu,

Salamu sikupi. Asubuhi umeniamkia shikamoo nikakuitikia huku nimegeukia jiko, na hapo nilikosea, lakini hasira zangu unazijua. Hali yako nayo sikuulizi, naisikia hapa nilipokaa. Wamepiga kelele sasa hivi huko bondeni na sijui ni kelele za nini. Jiwe la kwa mzee Masanja limenizibia goli la upande wa huku. Naona nusu ya uwanja tu, vumbi, na migongo ya watu. Wale wabeba samaki wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha, mnaocheza nao nimewaona wakijipanga upande wa pili, kwa hiyo wewe uko nyuma ya jiwe.

Basi naandika. Nisipoandika nitashuka huko na kanga kiunoni nikutoe golini kwa sikio, uwe kichekesho cha Kiseke nzima kabla hujapanda treni kesho kwenda kwenye timu yako ya Dar. Barua hii nitaisokomeza kwenye begi chini ya mashuka, uikute ukishavuka Shinyanga, pa kunijibu hapana. Wewe na mimi tukianza kuongea kwa mdomo hatufiki mbali, mmoja lazima atoke nje apige mlango.

Kufua soksi sikufundishi. Kula utakula, kusali unajua. Nataka kukwambia mambo yangu mimi na baba yako, maana umeyasikia kwa watu, na watu wamekupa nusu.

Asubuhi ulisema, "Mama, nisipocheza mechi ya kuagwa watasema nini? Watasema nimeanza kuringa hata Dar sijafika." Nikakujibu kwamba wakisema watachoka. Halafu nikachukua glavu zako nikazificha kwenye ndoo ya unga, nikidhani bila glavu utabaki nyumbani. Umeondoka hivyo hivyo, mikono mitupu! Ndiyo akili ya mama yako hiyo. Sasa nimekaa nazo hapa mapajani, zimejaa unga, na wewe unadaka mashuti ya watu wanaobeba sangara mgongoni tangu alfajiri.

Baba yako naye baada ya kula kavaa traki yake ile ya zamani akatoka. Nadhani yuko nyuma ya goli lako. Angalau hilo.

Sasa sikiliza. Yale maneno ya "watasema nini" yameniuma kwa sababu si yako. Ni yangu. Niliyasema mimi kwa baba yako, kabla wewe hujaanza kutembea, nikiwa nimesimama mlangoni na daluga zake za mpira nimeziweka kizingitini.

Watu wanakwambia baba yako alikuwa kipa mkubwa. Hawakwambii kwamba kwao Ghana, mjini Kumasi, alikuwa kipa wa tatu. Misimu miwili alikaa benchi akisubiri wawili walio mbele yake waumie, na wale mabwana hata mafua hawakuugua. Akasomea ufundi wa mashine za kufuma. Mambo ya kwao yalipokuwa magumu, kiwanda chetu cha nguo hapa Mwanza kilikuwa kinatafuta mafundi, akaja. Alikuja kutengeneza mashine, mpira alikuwa ameshauzika.

Mimi nilikuwa idara ya nyuzi, nimetoka Nansio na sanduku moja na ujeuri mwingi. Siku moja tumetoka zamu, namkuta nyuma ya nyumba za wafanyakazi anaupiga mpira kwenye mawe. Mawe ya huku unayajua, hakuna lililonyooka. Mpira ukirudi unaweza kwenda popote, usoni, miguuni, au usirudi kabisa. Na yeye anarukia kila mmoja, magoti yanachubuka, anaamka, anapiga tena. Nikamwambia, "We Mghana, huna hata mtu mmoja wa kucheza naye?" Akanijibu kwa Kiswahili chake cha wakati ule, "Mtu iko na huruma. Jiwe haina." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mwezi uliofuata alikuwa golini timu ya kiwanda, na mimi nilikuwa nasimama nyuma ya goli kila mechi kama nimelipwa.

Wamepiga kelele tena. Hizi si za watu wa Kiseke. Watu wa Kiseke wakifurahi wanapiga na masufuria. Mmefungwa, Daudi? Umefungwa au umeumia? Wakati mwingine watu wanashangilia hata kipa akiwa chini, hawajali.

Haya. Naendelea.

Aliposhika goli, timu ikapanda daraja. Alikuwa na taulo. Kipa gani hana taulo? Alilitundika kwenye nyavu afute mikono, huku asubuhi mpira unalowa umande na jioni unalowa jasho. Lakini kwa kuwa ametoka Afrika Magharibi, watu wakasema taulo lile limetoka kwa wataalamu wa kwao, lina mambo. Washambuliaji wakifika mbele ya goli wanaliangalia taulo badala ya kuangalia mpira. Nimeona kwa macho yangu mtu amebaki peke yake na kipa, akapaisha juu ya mtambaa panya, akageuka kulilaumu taulo! Lilikuwa taulo la kawaida, nalifua mimi kwa sabuni ya mche.

Baba yako alikasirika. Yule ni mtoto wa mchungaji, alitaka kusimama kanisani akanushe. Nikamkataza. Nikamwambia waache waogope, si ndiyo ushindi? Wanawake bombani wakiniuliza, "Mama Daudi, hebu tuambie, mzee anafanyaje?" nilikuwa natabasamu tu, sikatai, sikubali. Nilijiona mjanja. Kumbe kila mpira aliodaka kwa jasho la kwenye mawe nilikuwa namnyang'anya yeye na kulipatia taulo. Siku alipoanza kufungwa hakuna aliyesema Mghana anaumwa goti. Walisema dawa imekwisha nguvu.

Utafika Dar, na jina lako la pili ni la kule. Watakuzushia. Wakikupa sifa ambayo si yako, ikatae siku hiyo hiyo, hata kama inakusaidia.

Jina, enhe, hili nicheke kidogo. Ulizaliwa Jumatatu, na kwao mtoto wa kiume wa Jumatatu anaitwa Kojo. Baba yako alikuja wodini amefurahi, anamtangazia bibi yako. Bibi akamtazama, akasema, "Mjukuu wangu? Kojo? Shuleni aende na nani?" Ndiyo ukawa Daudi. Mshukuru bibi yako popote alipo.

Sasa lile lenyewe.

Timu kubwa ya Dar ikamtaka. Walituma mtu, wakaongea na meneja wa kiwanda, ruhusa ikatoka. Ilibaki siku moja aondoke. Na desturi ya pale kiwandani ilikuwa hii hii yenu: mchezaji akiondoka lazima aagwe uwanjani, idara yake icheze na idara nyingine, ng'ombe anachinjwa. Asiyeagwa uwanjani wanasema ameondoka kama mwizi, na akishindwa huko aendako wanasema, si hakuaga.

Baba yako hakutaka. Alisema, "Mama Daudi, mimi kesho nasafiri, mwili huu si wangu peke yangu tena." Alikuwa amekaa kitandani amekubeba wewe. Nikamuelewa kabisa, nisikudanganye, nilimuelewa. Lakini wenzangu wa idara ya nyuzi walikuwa wamekuja wamevaa kanga za sare, wamejaa uani wanaimba, na mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, "Mgeni ni mgeni tu, hata umzalie." Ikanichoma! Nikaingia ndani nikachukua daluga zake nikazisimamisha mlangoni. Nikasema, "Watasema nini, Kofi? Watasema nimeolewa na mtu anayewadharau. Nenda ukacheze, usinitie aibu."

Akanipa mtoto akaenda.

Haikufika hata nusu saa. Kijana wa idara ya rangi, Lusato, alikuwa anafukuza mpira, baba yako akautokea miguuni kama alivyozoea, wakagongana. Mlio wa lile goti niliusikia mimi nikiwa nyuma ya goli na wewe mgongoni. Wimbo ulikatika palepale. Tangu siku hiyo sijakanyaga uwanja wa mpira, ndiyo maana hata wewe, kipa wangu, sijawahi kukuona ukidaka. Unadhani siupendi mpira wako. Siwezi, baba. Siwezi kabisa.

Ukifikiri kosa liliishia hapo bado hunijui. Watu walipoanza kuuliza imekuwaje, nikasema Lusato amemfanyia mume wangu mambo. Nilisema bombani, nikasema sokoni. Nilisema ameona wivu, amekwenda kwa mganga. Kijana wa watu aliyekuwa anafukuza mpira! Watu wakaacha kumsalimia. Zamu yake wakawa hawali naye. Mwishowe akaacha kazi akarudi kwao Ukerewe kuvua. Ilikuwa rahisi kwangu kusema goti limelogwa kuliko kusema mimi ndiye niliyeweka daluga mlangoni.

Miaka ilipita, nikakutana naye mwaloni Kirumba anauza samaki. Akainuka, akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza kama mzee hajambo. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote hiyo nitamwambia nini, na mdomo ukagoma. Nikanunua samaki wake wote, hata wale walioanza kuharibika. Yeye aliona ni mteja mzuri tu. Hilo bado ninalo moyoni, na kabla sijafa nitavuka kwenda Ukerewe nikaliseme. Wewe likikupata jambo la namna hiyo liseme likiwa bichi.

Kelele nyingine. Sasa wanacheka. Daudi, wanacheka nini? Hawa wabeba samaki wanacheka nini golini kwako?

Nimesimama, nimekaa tena.

Dar hawakusubiri. Walichukua kipa mwingine, ni kazi yao, siwalaumu. Baba yako alipofunguliwa plasta akarudi golini kabla ya wakati, na mimi nikamsaidia. Nilikuwa naiba vipande vya kitambaa cha marekani pale kiwandani, namfunga goti asubuhi, kwa kukaza, kisha anavaa traki juu viongozi wasione. Mwaka mzima tulificha. Nilijiambia ndiyo mapenzi ya mke. Kule ndani goti lilikuwa linasagika. Mipira ya upande wa kushoto ikawa inampita, na wale waliokuwa wanambeba mabegani wakaanza kuzomea. Mama mmoja aliyekuwa akinipigia goti kunisalimia alinipita sokoni akasema, "Huo mzigo wenu si mrudishe Ghana?" Kwa hiyo ukiumia sema umeumia. Hata kama fainali ni kesho yake. Mtu akikwambia mwanaume anavumilia, mwambie aje golini yeye.

Halafu ikaja hii ruksa ya kila kitu. Mitumba ikajaa mjini, nani tena anunue doti letu la kanga? Kiwanda kikapunguza watu, kikasimama, wakasema kinatafutiwa mwekezaji. Timu ikafa kimyakimya, viongozi wakagawana jezi. Juzijuzi nimeona moja imevalishwa sanamu ya kutishia ndege huko Ilemela, ina namba moja mgongoni. Sikumwambia baba yako.

Viwanda vya samaki vikaota kandokando ya ziwa. Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa. Nikaanza kuyakaanga, na harufu yake ndiyo uliyokulia, ulikuwa unaona haya wenzako wakija. Baba yako akapata ulinzi kwenye geti la kimojawapo cha viwanda hivyo. Watu hawakosi maneno, kila anayepita, "Mghana, bado unadaka?" Anacheka. Mimi ningewarushia kitu.

Ila jioni alikuwa anakuchukua mnakwenda kwenye mawe. Nilikuwa nawasikia, du, du, du, mpira na jiwe, na wewe unalia kwamba umekupiga puani. Nilitaka kuja kukuondoa. Sijui kwa nini sikuja. Nadhani ni kitu kimoja katika maisha yangu ambacho sikukiingilia, na ndicho kilichotoka vizuri.

Filimbi. Mapumziko.

Nasubiri nione kama kuna mtu anabebwa. Watu wamejazana nyuma ya jiwe, sioni. Yesu wangu. Hakuna aliyekuja mbio hapa nyumbani, na mtu akiumia huwa wanakuja mbio. Au wanaogopa kuja kwa sababu wananijua?

Sasa mnabadilishana magoli. Kiseke watakwenda upande wa pili, na upande wa pili naona wote. Nimeapa sitaangalia mechi ya mpira maisha yangu. Nimetoka mlangoni na karatasi juu ya sufuria nikiandika nimesimama, na naangalia.

Nawaona mabeki wenu. Namuona kipa anakwenda golini.

Kipa wenu ana kitambi.

Daudi, kipa wenu ana kitambi na kipara na anachechemea! Kavaa traki ya zamani. Anagusa nguzo ya kushoto, anagusa ya kulia, anasimama katikati, na watu wote uwanjani wanamcheka, na yeye anawapungia mkono. Wewe sikukuona mara moja. Nimekuona sasa, umekaa juu ya ndoo kando ya nguzo, mikono umeikunja kwapani.

Nimeketi chini hapa hapa kwenye kizingiti.

* * *

Nimerudi kuandika. Jua limeshazama nyuma ya vilima na ninyi mko uani.

Ulikuwepo, sikusimulii mechi. Nakuandikia nilichokiona mimi toka huku juu, maana wewe ulikuwa karibu mno. Nilimuona mume wangu anafungwa. Bao la tatu lilimpita upande ule ule wa kushoto. La nne lilipita katikati ya miguu yake, watu wakaanguka chini kwa kicheko, na yeye akainuka taratibu, akajifuta vumbi, akauweka mpira chini akaupiga kwa mguu mzima. Mtu aliyekuwa akifungwa bao moja hapati usingizi! Siku za nyuma alifungwa kwa penalti akakataa chakula siku mbili. Leo kasimama mbele ya watu wanaokumbuka alivyokuwa akiruka, na mikono mitupu, akawaacha waone alivyo sasa, ili wewe ukae juu ya ndoo.

Nilishuka hadi kwenye jiwe la mzee Masanja kuwapokea. Nilitaka kumgombeza baba yako, unanijua. Nikamuuliza, "Na goti?"

"Ei, goti liko. Mabao ndiyo mengi."

"Wamekubalije? Si walikuwa wanamtaka Daudi?"

"Walisema lazima kipa aagwe. Nikawaambia, mimi si kipa?"

Nikamuuliza kama hakuogopa watakachosema. Akanishika bega, maana kule kupanda kulikuwa kunamuumiza ingawa hasemi, akaniambia, "Wameshasema, Mama Daudi. Nilikuwa pale, nimesikia yote, na njaa inauma. Kuna nini cha kula?"

Miaka yote hii nimekuwa nikisubiri siku atakayonilaumu. Sasa najua haipo. Wala haijawahi kuwepo, nilikuwa naibeba mwenyewe tu.

Nawaona toka hapa dirishani. Amekaa kwenye kigoda, unammwagia maji ya moto gotini na unamsimulia bao la nne kama vile yeye hakuwepo, na anacheka mpaka anakohoa. Huko uendako watakuja watu na ngoma na nyimbo kukuomba ucheze siku usiyopaswa kucheza, na utaona aibu, kwa sababu hiyo aibu umeitoa kwangu. Ikikushika, kumbuka una baba pia.

Nimekuomba unipe vidole vyako ulipoingia, ukadhani nimechanganyikiwa. Nilitaka kuvishika vyote. Ni vizima.

Kesho stesheni nitalia, nakwambia mapema ili usije ukaona haya. Nitalia kwa sauti, mbele za watu, na watasema wanachotaka. Wewe panda treni.

Mama yako